Biashara na utunzaji wa mazingira Mwanza na mwambao wa ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wenye viwanda, hoteli, migahawa, maghala na vizimba vya samaki hurudia kuuliza. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Biashara endelevu ni biashara ya namna gani?

Ni ile inayoweza kuendelea na kazi yake miaka ishirini ijayo bila kumaliza kile inachokitegemea: samaki, maji, miti, nguvu ya wafanyakazi, na uvumilivu wa majirani. Kupanda miche siku ya sherehe si kipimo. Kiwanda cha minofu kinaweza kupanda miti mia tano getini huku damu ya samaki ikitiririka ziwani kwa nyuma. Na mama anayeanika dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani anaweza kuwa hajawahi kulitamka neno "uendelevu", ila anaufanya kila jua linapowaka.

2. Ni nini hasa kinachowasukuma wafanyabiashara wabadilike?

Kwa mpangilio wa nguvu, jinsi mambo yalivyo huku ziwani: kwanza gharama, pili soko, tatu sheria, nne benki, tano majirani na wafanyakazi. Imani ya mmiliki ipo pia, lakini tumeitenga kwenye swali la 3 kwa sababu inafanya kazi tofauti.

Mfano ulio wazi zaidi huonekana usiku, ukitazama ziwa kutoka Kapripoint, mtaa wa Mwanza. Kwa miaka mingi wavuvi wa dagaa walivua kwa karabai. Siku hizi taa nyingi zile ni LED zinazotumia betri, nyingine zikichajiwa kwa sola. Mafuta ya taa hununuliwa kila usiku wa kazi, vioo hupasuka, na upepo ukikaza taa huzimika dagaa wakiwa ndio wameanza kukusanyika. Betri hununuliwa mara moja, inachajiwa kwa bei inayojulikana, na mawimbi hayaizimi. Hesabu ilikuwa rahisi kiasi kwamba mvuvi mmoja alimwonyesha mwenzake mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na yule wa pili akanunua. Moshi ukapungua kama faida ya ziada.

Somo la kibiashara hapo ni moja: mabadiliko husambaa pale anayelipa gharama na anayeiona faida wanapokuwa mtu mmoja. Wakiwa wawili, mambo hukwama (tazama swali la 16).

3. Hakuna kabisa wanaofanya kwa sababu ya imani au kulipenda ziwa?

Wapo, na mara nyingi ndio wa kwanza kujaribu jambo kabla halijaonekana kulipa. Biashara za familia zinazopanga kurithishwa ziko hivyo: anayemwachia mwanawe kiwanda cha barafu huona mbali kuliko meneja wa mkataba wa miaka miwili.

Tatizo la imani peke yake ni kwamba haina bajeti. Mwezi wa mauzo mabaya ukifika, kitu cha kwanza kukatwa ni kile kilichoandikwa "mazingira". Kilichoandikwa "kupunguza bili ya umeme" hubaki. Ukiwa na imani, tafuta hata hivyo namba ya kuiegemeza.

4. Mimi nina mgahawa tu, au kibanda cha chipsi. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa upande wa gharama (maswali ya 5 na 8) na kwa mambo matatu ya sheria: taka (swali la 10), mifuko (swali la 11) na maji machafu (swali la 12). Mambo ya tathmini ya mazingira, dodoso za wanunuzi na vyeti vya kimataifa ruka.

## Gharama: pesa inavuja wapi

5. Nianzie wapi bila kumwita mtaalamu?

Anza na karatasi. Kusanya bili za miezi 12 za umeme, maji, dizeli, gesi au mkaa, na gharama ya kuzoa taka. Kama unatumia LUKU, andika tarehe ya kila ununuzi na yuniti ulizopata. Kisha gawa kwa kile unachozalisha: yuniti kwa tani ya minofu, lita kwa mgeni aliyelala, kilo za mkaa kwa sahani mia. Bili ikipanda kwa sababu umeuza zaidi, hilo si tatizo. Namba ya kugawanya ikipanda, kuna kitu kinavuja.

Halafu pima usiku. Soma mita ya maji saa sita usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, wakati hakuna anayetumia. Mita ikiwa imetembea, maji yanapotea: choo kinachochuruza, boya la tangi lisilofunga, bomba lililopasuka chini ya zege. Bomba linalodondosha tone moja kwa sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku; choo kinachochuruza kimyakimya hupoteza mamia ya lita. Kwa wenye nyumba za wageni kwenye milima ya Mwanza wanaosukuma maji juu kwa pampu, kila lita inayopotea imelipiwa mara mbili, maji na umeme.

Fanya vivyo hivyo kwa umeme siku ambayo biashara imefungwa. Matumizi ya siku ya mapumziko ndiyo yanayotoroka bila wewe kujua.

6. Kwa nini bili yetu ya kiwanda ni kubwa hata mwezi tuliozalisha kidogo?

Mteja mkubwa wa TANESCO, mfano wa kundi la T2, halipii yuniti tu. Hulipia pia kVA, yaani kilele cha mzigo aliouweka kwenye laini mwezi huo. Kilele cha muda mfupi tu kinatosha kukupandishia bili ya mwezi mzima.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuwasha kompresa zote asubuhi kwa pamoja umeme unaporudi. Ziwashe kwa kupishanisha. La pili ni powa fakta mbovu, yaani sehemu ndogo tu ya umeme unaouvuta ndiyo inayofanya kazi; ni ugonjwa wa mota kubwa zinazozunguka bila mzigo wa kutosha. Mzigo wa kilowati 60 ukiwa na powa fakta ya 0.70 unasomeka kVA 86 hivi. Ukiipandisha hadi 0.95, mzigo uleule unasomeka kVA 63. Tofauti hiyo unailipia kila mwezi bila kupata kitu. Kinachorekebisha ni kapasita, na kwa mfano huu za takriban kVAr 42 (kipimo cha ukubwa wake) zinatosha.

Zinaharibika vipi? Fundi akifunga kapasita za kudumu kubwa kuliko mahitaji, usiku mzigo ukishuka powa fakta hugeuka upande wa pili na volti hupanda. Na kama mna mashine zenye vidhibiti mwendo vya kielektroniki, kapasita zisizo na kinga hupata joto, huvimba, hupasuka. Dai zinazojiwasha kwa hatua, na pima kwanza.

7. Chumba baridi na barafu vinakula pesa yote. Kuna la kufanya kabla ya kununua mashine mpya?

Lipo, na hapa ndipo wenye biashara ya samaki hupata nafuu ya haraka kuliko popote.

Kwanza barafu. Kumpoza samaki wa kilo 1 kutoka nyuzi 25 hadi sifuri kunahitaji, kihesabu, takriban robo kilo ya barafu. Lakini mwaloni watu hutumia kilo kwa kilo, na wako sahihi kwa masanduku waliyonayo, kwa sababu sehemu kubwa ya barafu hiyo inapambana na jua linalopenya ubao mwembamba. Ukiweka sanduku lenye kuta za povu zito na mfuniko unaobana, ukaliweka kivulini na kuacha tundu la kutoa maji chini, barafu utakayookoa ndiyo itakayolilipia sanduku. Usizibe tundu ili "kutunza ubaridi": samaki atalowa kwenye maji ya damu na kulegea.

Pili mlango. Mapazia ya plastiki yaliyokatika, raba ya mlango iliyochakaa na mpakiaji anayeuacha wazi akipiga simu ni vitu vya bei ndogo. Funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, raba imekwisha.

Tatu theluji kwenye koili, yale mabomba ya kupozea ndani ya chumba. Ikizidi unene wa milimita chache, hewa haipiti na kompresa hufanya kazi bila kupumzika. Rekebisha muda wa kuyeyusha theluji. Usiichongoe kwa bisibisi, koili hutoboka. Na usishushe joto kuliko inavyohitajika: kila nyuzi moja ya ziada huongeza matumizi ya umeme kwa asilimia 2 hadi 3.

Kuhusu mtambo wenyewe: uliotumika wa gesi ya kupozea ya R22 unaweza kuonekana wa bei nzuri. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuondoa gesi za kundi lake (HCFC) ifikapo 2030, zikibakiziwa kiasi kidogo tu kwa matengenezo. Unanunua mtambo ambao chakula chake kinaondoka sokoni.

8. Mgahawa wangu uhame kutoka kwenye mkaa kwenda gesi au umeme?

Fanya hesabu hii na bei za mtaani kwako. Kilo 1 ya gesi hufanya kazi ya karibu kilo 4 za mkaa kwenye jiko la kawaida, kwa sababu joto jingi la mkaa hupotea pembeni mwa sufuria na jiko huendelea kuwaka baada ya chakula kuiva. Kama kilo 4 za mkaa zinakugharimu zaidi ya kilo 1 ya gesi, unapoteza. Usisahau kupima gunia: mkaa huuzwa kwa ujazo, na chenga za chini ni pesa uliyolipa.

Kwa maharage na makande, loweka usiku kucha na upikie jiko la presha la umeme. Chungu cha lita 6 kwa kawaida hakimalizi yuniti 1. Chapati na nyama choma ni habari nyingine. Migahawa mingi huishia na mchanganyiko, na hakuna ubaya.

Kwa shule, vyuo na kantini kubwa mjadala umeshafungwa na serikali: taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kuanzia Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

9. Sola inalipa Mwanza?

Inalipa kwa anayetumia umeme mchana. Kilowati 1 ya paneli hutoa takriban yuniti 4 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo mfumo wa kilowati 10 utakupa yuniti 1,250 hivi kwa mwezi iwapo zote zinatumika jua likiwepo. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, linganisha na bei ya mfumo, utaona miaka ya kurudisha pesa.

Betri ndizo huvuruga hesabu. Baa inayochangamka saa mbili usiku inahitaji betri, na betri za asidi zikishushwa chini ya nusu kila siku hazifikishi muda wake. Anza bila betri kubwa. Endesha mchana pampu, majokofu na kuchemsha maji.

Mwanza iko kusini kidogo tu mwa ikweta, hivyo elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, ili mvua izioshe. Paneli iliyolala kabisa hukusanya vumbi na mavi ya ndege ukingoni.

## Sheria

10. Ni ofisi zipi zinazotuhusu, na zinaangalia nini?

Msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mradi mpya wa kiwanda, hoteli ya ufukweni au vizimba hupitia tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi. Kiwanda kilichokuwepo hufanyiwa ukaguzi wa mazingira. Sheria hiyohiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wanunuzi wa viwanja hulijua hili wakiwa wameshalipa. Pima kabla.

Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria hutoa kibali cha kuchota maji ziwani au kuchimba kisima, na kibali cha kutiririsha maji taka. MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, wanahusika kama unamwaga kwenye mfumo wao wa majitaka. Halmashauri inasimamia taka ngumu, OSHA usalama wa wafanyakazi. Vibali hivi havibadilishani: kuwa na cha NEMC hakukupi haki ya kuchota maji.

Adhabu husukuma, lakini kinachouma zaidi ni kufungiwa. Kiwanda cha samaki kikisimama siku tatu, mzigo unaoharibika hauna wa kumdai.

11. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilifaulu kwa sababu ya faini?

Kwa sehemu. Tangu 1 Juni 2019, anayekutwa na mfuko hutozwa kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, na mtengenezaji au mwagizaji huanzia milioni 20. Lakini mifuko ilitoweka madukani kwa sababu faini iliwafikia waagizaji wachache na mbadala ulikuwepo: mifuko ya kitambaa, karatasi na vikapu. Pale ambapo mbadala ulikosekana, sheria iliteleza. Vile vifungashio laini vya bidhaa vikageuzwa mifuko ya kubebea nyanya na dagaa, hadi NEMC wakalazimika kuvikemea. Kama unafungasha dagaa, kifungashio chako kiwe na chapa na maelezo ya bidhaa, na usikigawe kama mfuko.

12. Maji machafu yanatakiwa yawe safi kiasi gani, na mgahawa au kiwanda kidogo kitafikaje huko?

Viwango vya Tanzania vya kumwaga kwenye mazingira ni: BOD (oksijeni inayoliwa na vijidudu vikiozesha uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu kikemikali) 60, chembe zinazoelea 100, na pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya kuoshea samaki yakiwa na damu huzidi viwango hivi kwa mbali sana. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuzuia damu na mafuta yasiingie kwenye maji, kabla ya kufikiria bwawa la kusafishia.

Fuata mpangilio huu. Zoa vipande kwanza kwa mpira wa kusukumia sakafu, ukiwa mkavu. Ndipo ufungue maji. Weka vikapu vya wavu kwenye kila tundu la sakafu. Funga bastola ya kujifunga mwishoni mwa mpira wa maji, kwani mpira ulioachwa wazi sakafuni ndio mtumiaji mkubwa wa maji viwandani. Kusanya damu kwenye beseni pale anapochinjwa au kuchunwa samaki.

Mgahawa unahitaji mtego wa mafuta. Uwe na ujazo wa kushika maji ya nusu saa ya kilele: jiko linalomwaga lita 600 kwa saa linahitaji lita 300 hivi. Usafishe mafuta na tope vikifika robo ya kina chake. Wengi huujenga vizuri kisha huusahau. Ukijaa, mafuta hupita juu moja kwa moja, mengine huganda kwenye bomba. Kumwaga maji ya moto na sabuni "kuuyeyusha" kunayahamisha tu mafuta hadi bomba la jirani au Mto Mirongo, na Mirongo haiendi mbali: inaishia ziwani, tunakochota.

## Soko na wanunuzi

13. Wanunuzi wa nje wana nguvu kiasi gani kweli?

Waulize waliokuwepo kwenye viwanda vya minofu miaka ya 1997 hadi 1999. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa ukanda huu kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 ukazuia tena baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilivyokuwa vimebishana miaka kuhusu gharama ya vyumba vya kubadilishia nguo, maji yenye klorini na kumbukumbu za joto vilivijenga haraka. Mfumo wa HACCP, wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula katika kila hatua ya uzalishaji, ukawa wa lazima, ukaguzi wa serikali ukaimarishwa, na leo maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi.

Angalia pia mabaki. Minofu ni chini ya nusu ya uzito wa sangara. Kilichobaki kimepata soko lake: mabondo makavu (vibofu vya hewa vya samaki) huuzwa kwa kilo ghali kuliko minofu, mapanki (mifupa yenye nyama iliyobaki) huliwa mtaani, mafuta na vichwa vina wanunuzi. Hakuna kampeni iliyomfundisha mtu kuacha kutupa mabondo.

14. Mnunuzi ametutumia dodoso refu la mazingira. Tujibu vipi?

Jibu unachoweza kuthibitisha. Andaa jalada moja lenye vibali (swali la 10), jedwali la miezi 12 (swali la 5), majibu ya maabara ya majitaka, stakabadhi za mzoa taka aliyesajiliwa, na sera ya ukurasa mmoja iliyosainiwa. Swali lisilowahusu, andikeni "halituhusu" na sababu. Mkikosa kitu, taja tarehe mtakayokuwa nacho. Wanunuzi wengi hukubali pengo lenye tarehe. Wasichokubali ni jibu la "ndiyo" lisilo na karatasi, maana mkaguzi akija huanzia hapo.

Migodi mikubwa ya ukanda huu nayo huwauliza wasambazaji wake mambo kama haya, kwa hiyo hata muuza vyakula au vifaa vya ujenzi anaweza kukutana nayo.

15. Kahawa ya Kagera na ile sheria ya Ulaya ya misitu?

Sheria hiyo inataka kahawa isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini data inayotakiwa haijabadilika sana: shamba la hadi hekta 4 linahitaji nukta moja ya GPS, kubwa zaidi linahitaji mpaka mzima. Kosa linalojirudia ni kupima nukta ukiwa nyumbani kwa mkulima au ofisini kwa chama. Nukta iwe shambani, yenye tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Na usichanganye magunia ya wakulima waliopimwa na wasiopimwa. Mchanganyiko huondoa sifa ya mzigo wote. Pamba haimo kwenye sheria hiyo.

## Hali zisizo za kawaida

16. Nimepanga fremu. Kwa nini nimwekee mwenye nyumba sola au mfumo wa maji?

Hapa hamasa hukatika: wewe unalipa LUKU, yeye ana paa. Hakuna anayekosea. Njia ni tatu. Nunua vinavyohamishika: taa za LED, jokofu lenye raba nzima, paneli zenye fremu ya kufungua. Au andika nyongeza ya mkataba inayosema mfumo ni mali yako na unaruhusiwa kuung'oa, au kodi itapunguzwa kwa kiasi mlichokubaliana. Au, kama fremu zinagawana LUKU moja, fungeni mita ndogo kila fremu. Ugomvi wa "nani ana friji" hupoa siku hiyohiyo. Usiweke kitu kinachorudisha pesa kwa miaka mitano kwenye mkataba wa mwaka mmoja.

17. Nikikataa sangara wadogo, jirani atawanunua. Nafaidika nini?

Peke yako, hufaidiki. Ziwa linatumiwa na Tanzania, Uganda na Kenya, na ndani ya Tanzania na maelfu ya mitumbwi. Anayejizuia akiwa mmoja anawaachia wengine.

Hata hivyo hesabu ya samaki mwenyewe ni kali. Uzito hukua karibu kwa mchemraba wa urefu: sangara wa sentimita 40 akiachwa afike 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa, anakaribia kuwa na uzito maradufu. Bondo lake ni kubwa zaidi, na kazi ya kumchuna ni ileile.

Kujizuia hufanya kazi mahali penye lango moja. Kiwanda kinachopima kila samaki kwenye mapokezi na kumrudisha mdogo bila kumlipa hubadili nyavu za mwalo mzima, mradi viwanda jirani vifanye hivyo pia wiki hiyohiyo. BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kinachowajua wenye mitumbwi kwa majina, kina nguvu kuliko doria inayopita mara moja kwa mwezi. Panapovuja ni mlango wa pili: aliyekataliwa kiwandani hupakwa moshi au kukaushwa, akaingia soko la ndani au kuvuka mpaka. Ndiyo maana kokoro, wavu unaoburuta mazalia, haliishi kwa kuchomwa tu. Mnunuzi wake bado yupo.

18. Vizimba vya sato ni "endelevu" moja kwa moja, kwa kuwa havivui?

Hapana. Chakula ni zaidi ya nusu ya gharama, na ndicho kichafuzi pia. Ukitumia kilo 2 za chakula kupata kilo 1 ya sato badala ya kilo 1.5, kwa tani 3 za samaki umemwaga tani 1.5 ziwani. Lisha kidogo kidogo hadi wapunguze kasi ya kula, pima sampuli ya uzito kila wiki mbili na ubadili kiasi. Chagua mahali penye mkondo na mita kadhaa za maji chini ya wavu. Kizimba kilichokaribia tope huumwa na tope lake. Alfajiri tulivu samaki wakihema juu, hewa imepungua: acha kulisha siku hiyo. Magugumaji yakisukumwa na upepo huziba wavu na huleta tatizo lilelile.

19. Benki zitanipa riba nafuu nikiwa rafiki wa mazingira?

Fedha hizo zipo: CRDB ilisajiliwa na Mfuko wa Kijani wa Hali ya Hewa 2019 na ikatoa Hatifungani ya Kijani 2023; Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, nao walifuata na hatifungani yao ya kijani 2024. Lakini afisa mikopo anaanza na mzunguko wa akaunti na vibali. Mpelekee nukuu ya bei ya kifaa, jedwali la miezi 12 na makadirio ya akiba kwa mwezi. Akiba ikizidi rejesho, una hoja. Maneno "mradi wa kijani" bila jedwali hayasogezi faili.

Kuhusu kuuza hewa ukaa: kanuni zipo tangu 2022, lakini gharama za kuthibitisha ni kubwa kuliko biashara moja ndogo inavyoweza kubeba. Hufaa kwa vikundi vikubwa na misitu ya vijiji.

20. Tulifanya yote haya, mwaka mmoja baadaye tumerudi pale pale. Kwa nini?

Mara nyingi kwa sababu aliyekuwa akisoma mita ameondoka na hakuna aliyepewa daftari. Angalia pia kama akiba ilionekana: msimamizi wa zamu aliyepunguza barafu na umeme, kisha bajeti yake ikakatwa kwa kiasi hichohicho, mwaka unaofuata hatapunguza. Mrudishie sehemu, hata kama ni vifaa vipya vya kazi.

Sababu nyingine ni vipuri. Kifaa kilichofungwa kwa msaada wa mradi, fundi wake yuko Dar es Salaam na raba yake inaagizwa nje, kitakaa kikisubiri huku watu wakirudia njia ya zamani. Kabla ya kununua, tafuta fundi Mwanza aliyewahi kukifungua na umuulize ni kipuri gani huharibika kwanza. Nunua viwili siku hiyohiyo.